Kidole tumbo kinapokaa kushoto

Mgonjwa akija na maumivu ya chini ya tumbo upande wa kushoto, kidole tumbo huwa hakitajwi. Hutajwa UTI na taifodi, magonjwa mawili yanayobebeshwa karibu kila tumbo linaloingia zamu ya usiku. Kwa mwanamke hutajwa mimba iliyotunga nje ya kizazi au ovari iliyojisokota, kwa mtu mzima kijiwe kwenye mrija wa mkojo. Mara nyingi jibu huwa humo humo. Ila wapo watu wachache, takriban mmoja katika kila 10,000, ambao viungo vyao vyote vya kifuani na tumboni vimekaa kama sura ya kwenye kioo: moyo umeelekea kulia, ini liko kushoto, bandama kulia, kidole tumbo kushoto. Kwenye ripoti ya eksirei hali hii huandikwa situs inversus. Wengi wao ni wazima, hawana habari kabisa na jambo hilo, kwani hakuna kinachowauma mpaka siku kidole tumbo kivimbe.

Mimi ni daktari wa upasuaji, na swali ninalopenda kuliko yote kwa mgonjwa wa tumbo si "upande gani unauma?" bali "yalianzaje?" Kidole tumbo kikiziba na kuanza kuvimba, mishipa yake ya fahamu huingia kwenye uti wa mgongo usawa mmoja na ile ya ngozi ya kitovu. Ndiyo maana saa za mwanzo mgonjwa hujishika kitovuni kwa kiganja kizima. Baadaye uvimbe ukigusa utando wa ukuta wa tumbo, ambao huhisi mahali hasa, anaacha kiganja na kuonyesha kwa kidole kimoja. Kufikia hapo hamu ya kula imeshapotea, na kichefuchefu kimekuja baada ya maumivu, si kabla. Mfuatano huo haubadiliki kwa mtu mwenye viungo vilivyogeuka.

Namkumbuka mama mmoja kijana aliyeletwa na dada yake.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba, pole sana. Yalianzia wapi?"

"Hapa kitovuni, jana jioni nikiwa jikoni. Nikadhani gesi. Usiku yakahamia huku," akagusa chini kushoto. Nikamwomba akohoe, akakunja uso na kupashika pale pale. Nikagonga kwa vidole chini ya mbavu za kulia, ambako ini hutoa mlio mzito. Mlio ukawa mwepesi, kama tumbo lenye hewa. Nikahamia kushoto: mzito. Hapo nikaweka kipimo changu cha kusikilizia moyo kifuani upande wa kulia na moyo ukanipokea kwa nguvu.

Kugonga huko hakuhitaji mashine wala fedha, na kunachukua muda mfupi tu. Kwa wanaume kuna dalili nyingine ambayo vitabu huitaja kwa haya: kwa kawaida korodani ya kushoto ndiyo huning'inia chini zaidi, na kwa baadhi ya waliogeuka viungo huwa ya kulia.

Eksirei ya kifua huthibitisha, endapo anayeisoma ataiamini. Ncha ya moyo huelekea kulia, na hewa ya tumbo la chakula huonekana chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, upande huo huo. Tatizo ni kwamba mtu aliyechoka akiona hivyo hudhani picha imewekwa kinyume, naye huigeuza "ikae sawa". Angalia kwanza ile herufi ndogo ya risasi ambayo mtaalamu wa mionzi huiweka pembeni kuonyesha kulia au kushoto. Isipokuwepo, rudi kwa mgonjwa mwenyewe na kipimo chako.

Alama za Alvarado, za kukadiria kama kidole tumbo kimevimba, tunazozitumia tangu 1986, nazo zina mtego hapa. Zipo 10 kwa jumla. Maumivu kuhamia chini kulia hupewa 1, na kuuma kwa kubonyezwa chini kulia hupewa 2. Mgonjwa aliyestahili 7, idadi inayotufanya tufikirie upasuaji, ataambulia 4 na kuambiwa arudi nyumbani na dawa za maumivu. Mimi huzihesabu upande wowote ule ulipo uchungu.

Halafu kuna kitendawili chenyewe. Wapo wagonjwa walioandikwa kwenye majarida ambao kidole tumbo chao kilikuwa kushoto lakini maumivu waliyasikia kulia. Maelezo yanayotolewa ni kwamba viungo viligeuka, mishipa ya fahamu haikugeuka navyo. Daktari hukata kulia, anatafuta, hapati kitu.

Eksirei ya kifua pia haimalizi maneno yote. Tukiwa tumboni mwa mama, utumbo hujizungusha nyuzi 270 kabla ya kutulia mahali pake. Mzunguko huo usipokamilika, mwanzo wa utumbo mpana na kidole tumbo chake hubaki kushoto, huku moyo na ini viko mahali pa kawaida kabisa. Huyu huwezi kumtambua kwa kugonga. Ultrasaundi huweza kuonyesha kidole tumbo kilichovimba, kipana zaidi ya milimita 6 na kisichobonyea, mradi mpimaji apeleke kifaa kushoto, asipoambiwa, hatakipeleka. CT skani ndiyo hutegua kitendawili, pale ilipo.

Kabla ya nusu kaputi huuliza pia habari za kikohozi. Karibu robo ya watu wenye viungo vilivyogeuka wana kasoro ya vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa. Wakiwa na mafua yasiyoisha na mapafu yaliyoharibika, huitwa wagonjwa wa Kartagener, daktari wa Zürich aliyewaeleza mwaka 1933. Kwetu kikohozi cha aina hiyo hukimbilia kuitwa kifua kikuu. Daktari wa usingizi lazima ajue.

Upasuaji wenyewe ni ule ule, mikono ndiyo husumbuka. Nikipasua kwa kamera inayoingizwa tumboni, nasimama kulia kwa mgonjwa badala ya kushoto, na kwangu ninayetumia mkono wa kulia kila pembe inakuwa ngeni. Nikiwa na shaka ya upande, na sina kamera, napasua katikati.

Huko Oregon, Marekani, mwanamke aliyefariki 2017 akiwa na miaka 99 aliacha mwili wake kwa chuo kikuu, na wanafunzi ndio waliokuta viungo vya tumbo vimegeuka. Alikuwa ametolewa viungo vitatu kwa nyakati tofauti. Ni daktari aliyetoa kidole tumbo peke yake aliyeandika kwamba kilikuwa mahali pasipo kawaida. Kwenye kadi ya yule mama niliandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: moyo kulia, ini kushoto, kidole tumbo kimeshatolewa, kovu lake ni la kushoto. Akija kupata mawe kwenye kibofu cha nyongo, atajishika mbavu za kushoto, na atakayempokea atafikiria vidonda vya tumbo.