Faharasa ya faili: kwa nini faili nyingi ndogo huichosha programu kuliko faili chache kubwa

Chukua watu wawili. Mmoja anashirikisha wenzake video 20, kila moja gigabaiti 5. Wa pili ana picha 100,000, kila moja megabaiti 1. Ukipima kwa gigabaiti wametoshana, 100 kwa 100. Lakini programu ya huyu wa pili ndiyo inayoganda kila akiifungua, naye anailaumu intaneti. Intaneti hapo haijaguswa bado. Kilichoelemewa ni faharasa.

Faharasa ni orodha ambayo programu ya kushirikishana faili hujiwekea: jina la kila faili, folda ilimo, ukubwa wake, saa ilipobadilishwa mara ya mwisho, na heshi yake. Heshi ni nambari inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Ikikokotolewa kwa kanuni iitwayo SHA-256 huwa na baiti 32 tu, faili iwe ya mstari mmoja au ya terabaiti nzima, na ukigeuza herufi moja tu ndani yake heshi yote hubadilika. Kwa heshi, anayepokea hujua kwamba alichopata ndicho kilichotumwa, na faili mbili zenye majina tofauti hujulikana kuwa ni kitu kilekile.

Shida ni kwamba heshi haipatikani mpaka faili isomwe yote. Tuchukulie diski ya sahani zinazozunguka inasoma megabaiti 150 kwa sekunde: gigabaiti 100 zitaisha kwa dakika 11 hivi. Hiyo ni hesabu ya mwenye video. Kwa mwenye picha, kila faili inakaa mahali pake, na kichwa cha kusomea lazima kihamie huko. Sahani ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, kusubiri nusu mzunguko ni milisekunde 4, na kukisogeza kichwa ni kama 8 nyingine. Milisekunde 12 mara 100,000 ni dakika 20 za kuhangaika tu, kabla hata ya kuhesabu muda wa kusoma. Diski ya SSD haina kichwa cha kusogeza, kwa hiyo ucheleweshaji huo karibu wote huondoka, ingawa kazi ya kufungua na kufunga faili moja moja inabaki.

Kazi hii inapaswa kufanywa mara moja tu, isirudiwe. Programu nzuri huihifadhi faharasa kwenye hifadhidata, na ikiwashwa tena hulinganisha ukubwa na saa ya mabadiliko tu. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza cha programu ya aina hii, kabla ya sura yake na kabla ya kasi yake ya kupakua. Niliwahi kubadilisha jina la folda moja ya juu kabisa, ile yenye folda nyingine zote ndani yake. Programu niliyokuwa nayo ilitambua kila faili kwa anwani yake tu, yaani jina lake na majina ya folda ilimo, ikaziona zote ni mpya, ikashinda usiku kucha inakokotoa heshi ilizokuwa nazo tayari.

Kufuatilia mabadiliko nako kuna gharama. Kwenye mfumo wa uendeshaji wa Linux, huduma ya inotify, inayoiarifu programu faili inapobadilika, haishuki yenyewe kwenye folda za ndani. Kila folda huombewa ufuatiliaji wake, na kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa 8,192. Ukipita hapo, folda zilizobaki hazifuatiliwi. Faili mpya unaiona kwa macho yako, lakini wenzako hawaioni mpaka programu ipekue upya au kikomo kiongezwe.

Heshi zenyewe nazo hujaza nafasi. BitTorrent, mfumo wa kushirikishana faili ulioanza mwaka 2001, huukata mkusanyiko wa faili vipande, na kwenye toleo la kwanza kila kipande kina heshi ya baiti 20 ndani ya faili ya torrent, ile inayoueleza mkusanyiko huo. Terabaiti moja ikikatwa vipande vya kilobaiti 256, vinapatikana zaidi ya milioni 4, na heshi peke yake zinafika megabaiti 80 na ushee. Ukikata kwa megabaiti 16, zinashuka hadi megabaiti 1.3. Lakini kipande kikiharibika njiani, kinaombwa upya chote.

Wengi hufungasha picha zao 100,000 kwenye faili moja ya zip. Faharasa hupumua kweli, na kwa kumbukumbu zisizobadilika tena nakubaliana nao. Kwa folda inayoongezewa kila siku sikubaliani: ukiongeza picha moja, gigabaiti 100 zote husomwa upya ili kupata heshi mpya, na anayetafuta picha kwa jina lake haipati, kwa sababu kwenye faharasa kuna jina la zip peke yake.