Usisome Utunzaji Kumbukumbu kwa Sababu tu Kozi Nyingine Zimejaa

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi na vijana hunitafuta na swali lilelile: utunzaji kumbukumbu una ajira? Ajira zipo, ila nafasi ni chache kuliko waombaji. Mimi huwauliza kwanza kama kijana ataweza kulijali jadala, yaani faili, la mtu asiyemjua.

Chukua mwalimu anayestaafu. Mafao yake yanategemea barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa vyeo. Folio moja, yaani karatasi yenye namba ndani ya jadala, isipoonekana, mzee anaanza safari za kwenda wilaya alikofundisha miaka mingi iliyopita, kwa nauli yake. Mara nyingi hakuna aliyeiba kitu. Barua iliwekwa tu kwenye jadala la mtu mwenye jina linalofanana, na hakuna aliyegundua hadi siku ilipohitajika. Hili linaniumiza, kwa sababu linazuilika masjala, ofisi inayopokea barua na kutunza majadala, siku ileile barua inapopokelewa.

Sisi wa Dodoma tuna mfano mkubwa zaidi. Mwaka 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyokuwa ikigawa viwanja mjini, ilivunjwa na shughuli zake zikahamishiwa Manispaa, ambayo sasa ni Jiji. Mamlaka iliondoka, lakini haki za wenye viwanja zilibaki palepale. Mwenye barua ya toleo, yaani ya kupewa kiwanja, bado alihitaji jadala la kiwanja chake lionekane, lisomeke, na liwe na kila ukurasa. Wakati huohuo wizara zilikuwa zinahama kutoka Dar es Salaam, na wizara haihami bila majadala yake.

Wengi hudhani kozi hii ni kupanga mafaili kwenye kabati. Kupanga utajifunza mapema. Kinachosumbua akili ni kuamua kipi kihifadhiwe daima na kipi kiteketezwe, na lini. Kwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, ofisi ya umma haiwezi kuchoma majadala kwa sababu tu chumba kimejaa. Kuna utaratibu na kibali. Ongeza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, utaona kwamba asiyeweza kutunza siri, hii si kazi yake, hata kama ana alama nzuri.

Kuna wanaoniambia kompyuta zitaua fani. Mimi naona kinyume. Masjala iliyovurugika ukiiingiza kwenye mfumo wa kielektroniki, unapata vurugu ileile, ila sasa iko kwenye skrini. Lazima awepo mtu anayejua jadala lifunguliwe kwa mada gani, nani aruhusiwe kuliona na lifungwe lini. Kwa hiyo ukienda kuuliza chuo, usiishie kwenye ada. Uliza kama wanafundisha kumbukumbu za kielektroniki kwa vitendo, na mafunzo kazini hufanyika wapi.

Kwa huku kwetu, Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Singida na Tabora. Unaweza kuanza na cheti, lakini lenga stashahada, maana matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira huitaka, tena hutaja fani: masjala, afya, mahakama au ardhi. Hizi hazifanani. Kumbukumbu za hospitali zinataka kasi, mgonjwa yuko dirishani anasubiri. Za ardhi zinataka uvumilivu wa kusoma ramani na historia ya kiwanja kimoja tangu kilipopimwa. Sekta binafsi ni nadra kutumia jina hili la kazi, kwa hiyo anayelenga benki au mashirika aongeze ujuzi wa kanzidata.

Kabla ya kujaza fomu, omba mtu wa masjala ya karibu akueleze barua inavyosafiri, tangu inapopokelewa na kusajiliwa hadi inapopewa folio na kufika kwa afisa husika. Usiombe kufunguliwa majadala, hayo si yako bado. Ukijikuta unauliza kwa nini hatua hii inatangulia ile, na hujachoka kusikiliza, jaza fomu. Ukichoka mapema, tafuta kozi nyingine bila kuona haya.