Maji ya Otoklevu: Maswali Kutoka Chumba cha Kutakasia Vifaa

Otoklevu hutakasa mikasi, koleo na nguo za thieta kwa mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida nyuzi 121 au 134 za Selsiasi. Haya ni maswali ninayoulizwa sana na wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya pwani.

Maji ya kisima si yanachemka? Mbona mnatukataza kuyatia kwenye otoklevu?

Moto unaua vijidudu, chumvi unaiacha palepale. Visima vingi vya Unguja na Mombasa viko kwenye miamba ya matumbawe, hivyo maji yake yana chokaa, na vilivyo karibu na ufuo huingiliwa na maji ya bahari. Chungulia ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe ndio unaoganda kwenye koili ya otoklevu. Koili iliyovikwa chokaa hupasha maji kwa shida, na mwisho huungua.

Chumvi nayo hurushwa na matone hadi kwenye vifaa. Fungua mkasi uangalie pale kwenye skrubu. Ukiona vinukta vya kutu, chuma kimeanza kuliwa, na ndani ya vishimo vile damu hujificha hata ukisugua kwa brashi.

Tutie maji gani basi?

Yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, au yaliyopita kwenye mtambo wa kuondoa chumvi. Kipimo kidogo cha mkononi kinatosha kuyakagua: kwa otoklevu ndogo, kiwango cha Ulaya EN 13060 kinataka yasizidi maikrosimensi 15 kwa sentimita, yaani kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda. Ya mvua ni laini kuliko ya kisima, ila paa la pwani lina vumbi na chumvi ya upepo, kwa hiyo nayo yapimwe kwanza.

Yakikaa tangini wiki nzima yana ubaya?

Yana ubaya. Bakteria huzaliana humo. Mvuke utawaua, lakini baadhi yao huacha sumu inayostahimili nyuzi 121, na sumu hiyo ikiingia mwilini kwa njia ya kifaa cha upasuaji inaweza kumpandisha mgonjwa homa. Mwaga, futa tangi, jaza upya kwa ratiba ya mtengenezaji.

Maji tunanunua kwa boza. Tuokoe wapi?

Anzeni na mizunguko isiyo ya lazima. Msiwashe mashine kwa mkasi mmoja, wala msiishindilie: vifurushi vikibanana mvuke haupenyi, vinatoka vimelowa, na kifurushi kilicholowa hakihesabiwi kuwa kimetakaswa. Mtarudia kazi nzima, maji na umeme mara mbili.

Mashine kubwa za hospitali hutumia maji mengi zaidi kwenye pampu ya kufyonza hewa na kupoza maji moto kabla hayajaingia mfereji wa maji taka. Simama nyuma ya mashine ikiwa imetulia, usikilize bomba la kutolea. Maji yakitiririka wakati hakuna mzunguko, mwite fundi aangalie vali siku hiyohiyo. Maji ya chumvi yanayotupwa na mtambo wa kuondoa chumvi nayo yakingwe kwenye madumu: yanafaa kwa choo na sakafu, kwa vifaa hapana.

Tukipunguza maji ya kusuuza je?

Hapo msiguse, nawasihi. Kifaa kilicholowekwa kwenye jiki kikiingia otoklevu bila kusuuzwa, klorini iliyobaki itakila chuma kwa kasi kuliko maji ya kisima.