Koti la Mvua Likilowa Juu, Halijafa

Wengi wanaonunua makoti ya theluji kwenye soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam, hasa madereva wa bodaboda wanaojiandaa na masika, huamini hivi: koti zima ni lile ambalo matone huteleza juu yake. Likianza kulowa, dawa ya kuzuia maji iliyopakwa nje imeisha, koti limekufa.

Kwa kawaida, kinachozuia maji yasikufikie ni utando mwembamba uliobandikwa upande wa ndani wa kitambaa, pamoja na mikanda iliyoziba mishono. Dawa ya nje kazi yake ni kutelezesha matone ili kitambaa kisiwe kizito na jasho lipate pa kutokea.

Kwa miaka mingi dawa hiyo ilitokana na kemikali za PFAS. Kaboni na florini zilivyoshikana ndani yake ni vigumu mno kuachana, hivyo hudumu kwenye maji na udongo, na baadhi zimehusishwa na madhara ya kiafya. Ndiyo maana watengenezaji wengi wamehamia kwenye nta na silikoni. Hizi hazihimili mafuta vizuri, kwa hiyo koti hutaka kufuliwa mara nyingi zaidi. Kwangu, usumbufu huo unavumilika kabisa.

Kabla ya kulipa, geuza koti. Utando ukiwa unabambuka kama ngozi iliyoungua, au mikanda imeachia, liache. Ukiwa mzima, ingiza karatasi laini ya chooni mkononi mwa koti, mwagia maji juu, subiri dakika 10. Ikibaki kavu, chukua. Ukalifue kwa sabuni kidogo, ulisuuze sana, bila dawa ya kulainisha nguo.