Gereza la Kilwa halikujengwa kuwa jela

Nikivuka na wageni kutoka Kilwa Masoko, pwani ya kusini mwa Tanzania, kwenda kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mashua haijafika nusu ya njia mtu ameshauliza: "Ndipo walipokuwa wanafungia watumwa pale?" Kidole kinaelekea kwenye jengo la kwanza kuonekana, limekaa karibu kabisa na maji, upande mmoja umeporomoka. Jina lake Gereza, na jina hilo limeshamjibu kabla sijafungua mdomo.

Kazi yangu ni mawe na chokaa. Nimesomea uhifadhi wa majengo ya kale, na siku nyingi utanikuta nimepiga magoti mbele ya ukuta nikikwangua kwa mwiko mdogo. Lakini kwa Gereza siwezi kuanza na ukuta, lazima nianze na neno.

"Gereza" limetokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Limekuja kwa njia moja na meza, leso na bendera. Wareno walikuwa wakiweka kanisa ndani ya ngome, watu wa pwani wakaliita boma zima kwa jina hilo. Hata Fort Jesus ya Mombasa iliitwa Gereza. Baadaye ngome zikageuzwa jela, na Fort Jesus yenyewe ilifungia watu tangu 1895 hadi 1958, basi neno nalo likahamia huko na halikurudi. Kwa hiyo Gereza la Kilwa maana yake ni ngome, basi.

Na kama unapenda majina yanayodanganya, nenda mashariki mwa kisiwa ukaone Husuni Kubwa. Husuni ni neno la Kiarabu la ngome, ila ile ilikuwa jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea la pembe nane. Ngome gani ina bwawa? Jirani yake, Husuni Ndogo, ndiyo ina kuta nene na minara ya kiaskari, na hapo wataalamu wanabishana mpaka leo ilikuwa ya nini. Nami nina upande wangu katika ubishi huo, lakini tuuache.

Turudi kwenye maji. Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 akamlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kutoa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ingalipo. Mfalme wa Ureno aliitengenezea chombo cha ibada kilichokamilika 1506, na leo kimewekwa kwenye jumba la makumbusho Lisbon. Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na kundi la merikebu, akauteka mji, Ibrahim akakimbia, Wareno wakamweka mtu wao na kuanza kujenga ngome waliyoiita Santiago.

Wakakaa miaka saba tu. Kilwa ilikuwa tajiri kwa sababu dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wake, na Wareno walipoishika Sofala na kuwabana wafanyabiashara hao, biashara ikafifia. Ngome ikabaki inalinda ghala tupu. Mwaka 1512 wakafunga virago.

Ndiyo maana huwa nachoka ninaposikia mtembeza wageni akisema "ngome ya Wareno" na kupita. Jengo unaloliona leo, lenye umbo la karibu mraba, minara ya mviringo kwenye pembe na ule mlango wa mbao uliochongwa, ni la Waomani, la mnamo mwaka 1800, juu ya magofu ya ile ya kwanza. Katikati hapo yamepita mengi, na mengine mazito. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watu 1,000 kila mwaka, piastre 20, yaani sarafu za fedha, kwa kichwa. Biashara ya namna hiyo huvuta macho. Katika miaka ya 1780 Oman ikaishika Kilwa, na aliyetaka kusimamia ushuru wa bandari alihitaji mahali imara pa kuweka askari. Yule mgeni wa kwenye mashua, basi, hakukosea kila kitu: watumwa wamo kwenye habari ya jengo hili, ila si kwa sababu ya jina.

Sasa ukuta. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa nayo ni matumbawe yaleyale yaliyochomwa juu ya lundo la magogo, yakamwagiwa maji, yakaachwa yalale. Ukikwangua utaona vidoa vyeusi: ni mkaa wa ule moto. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, ndiyo sababu vyumba vingi vya kale vya pwani yetu ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3. Mti haukutoa zaidi. Nikitaka kujua ukuta umejengwa mara moja au mara mbili, natafuta mshono: mahali mawe ya upande huu hayakuumana na ya upande ule, mstari umeshuka wima kama umepigwa timazi. Hapo kuna fundi aliyekuja baada ya mwingine.

Adui ni wawili. Wa kwanza bahari. Mikoko ikikatwa, wimbi linafika kwenye msingi bila kizuizi, na upande wa baharini wa Gereza umelipa. Magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi ya ukarabati na kuzuia mmomonyoko.

Wa pili ni saruji. Niliwahi kukuta kiraka cha saruji kwenye ukuta wa kale, sitasema wapi, kimepigwa lipu safi kabisa. Nilikuwa na mzee mmoja, fundi wa zamani. Akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia kama debe. "Shika hapo, mwanangu." Nikavuta, kiraka kikatoka kizima, na nyuma yake jiwe limekuwa unga. Unyevu na chumvi vilikosa pa kutokea vikalila jiwe ndani kwa ndani. Mzee akapukuta mikono. "Saruji imeshika," akasema, "jiwe limeondoka."

Tangu siku hiyo sipeleki mfuko wa saruji kwenye kazi ya kale, hata mwenye kazi akinuna kwamba chokaa inachelewesha. Niliyomwagia maji miezi mitatu iliyopita bado imelala shimoni, imeanza kuwa laini kama siagi. Jumatatu naenda kuigeuza.