Kiingereza hakikuzaliwa na Kijerumani

Kila nikifungua darasa jipya la Kijerumani, haipiti wiki mtu hajanyoosha mkono: "Mwalimu, si Kiingereza kimetoka kwenye Kijerumani?" Hapana! Nimelijibu swali hili hadi ulimi umeota sugu.

Hizo ni lugha ndugu. Waangli na Wasaksoni, makabila ambayo lugha yao ndiyo ikawa Kiingereza, walihamia Uingereza katika karne ya 5, wakitokea pwani za Ujerumani kaskazini na Denmark ya leo, na Kijerumani hiki tunachofundishana kilikuwa bado hakijawa. Ukisema kimoja kimezaa kingine, sema basi na Kiswahili kimezaliwa na Kikuyu, maana "mtu" na "mũndũ" vinafanana.

Tena kwenye konsonanti aliyehama ni Mjerumani. Kati ya karne ya 6 na ya 8 hivi, wasemaji wa kusini waligeuza p ikawa f au pf, t ikawa s au z, k ikawa ch. Ndiyo maana Mwingereza ana "ship", "apple", "water", "ten" na "make", Mjerumani ana "Schiff", "Apfel", "Wasser", "zehn" na "machen". Kaskazini mabadiliko hayo hayakufika: anayesema Kijerumani cha Chini bado husema "Water" na "maken". Shikeni kanuni hii kabla ya kununua vile vijitabu vya maneno elfu moja.

Kanuni hiyohiyo inafichua ndugu waliopotezana. "Zeit" ni wakati, na wanafunzi huilinganisha na "time". Ndugu yake hasa ni "tide", maji kupwa na kujaa. Z ya Kijerumani, t ya Kiingereza. T ya Kijerumani, d ya Kiingereza. Mvuvi hahitaji kuelezwa maji na wakati vinakutana wapi.

Wengine hushikilia kuwa Kiingereza ni mtoto wa Kifaransa. Wanormani, wasemaji wa Kifaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066 na kuijaza maneno: ng'ombe akiwa zizini ni "cow", kama "Kuh", akifika mezani ni "beef", la Kifaransa. Sarufi haikuhama ukoo. Mbona Kiswahili kina Kiarabu tele na bado ni cha Kibantu?

Halafu kuna wanaoamini kuwa maneno yakifanana, maana ni ile ile. "Gift" kwa Kijerumani ni sumu. Mwanafunzi wangu mmoja, akitaka kusema anataka kuwa nesi, aliandika ubaoni "Ich will eine Krankenschwester bekommen", akidhani "bekommen" ni "become" ya Kiingereza, kumbe amesema anataka kupewa nesi. Kuwa ni "werden", jamani.

Na kufanana kwenyewe si ushahidi wa udugu. "School" na "Schule" zote ni za kuazima, kutoka Kilatini, nacho kiliazima kwa Wagiriki. Juzi mmoja akaniambia Wajerumani hawakutuachia hata neno. Nikamuuliza: hapa tulipo panaitwaje? "Shule," akajibu. Na umelipa nini kuingia? "Hela." Hiyo nayo ni "Heller", sarafu waliyoianzisha hapa mwaka 1904 walipokuwa wakitutawala.