Aina si toleo: mfululizo wa sarafu hukatwa wapi

Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki ya enzi za ukoloni, ya mwaka 1949, yenye herufi KN (alama ya kiwanda kilichoigonga), hutangazwa tena na tena kuwa "aina adimu". Herufi zile haziifanyi kuwa aina. Aina ni kundi la sarafu za thamani moja zenye mchoro, maandishi, madini na ukubwa uleule, hata zikigongwa miaka kumi mfululizo. Toleo ni sehemu ya aina: mwaka mmoja, kiwanda kimoja. Mfululizo ni aina zote zinazofuatana chini ya fedha moja.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Kwetu "aina" hubeba kila kitu: aina za maembe, aina za kanga, aina za watu. Kitu kikitofautiana kidogo tu na mwenzake tunasema ni aina nyingine, na hakuna wa kutulaumu. "Toleo" limebana zaidi kwa sababu mzizi wake ni kutoa: kilichotolewa kina mtoaji, kina na wakati wa kutolewa. Mwaka na alama ya kiwanda ni habari za utoaji, basi mahali pake ni kwenye toleo. "Mfululizo" nao unatokana na kufululiza, yaani kwenda bila kusimama. Anayegawa mfululizo hutafuta pale ambapo aliyekuwa akitoa sarafu aliamua kubadilisha kitu. Uamuzi ndio kipimo. Picha ya mfalme, maneno, madini na kipenyo hubadilishwa kwa amri. Muhuri wa kugongea uliopasuka, au sarafu iliyogongwa upande, ni kasoro ya kiwandani, haikati chochote.

Chukua hiyo shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Ilianza 1921, na simba wake mbele ya milima hakubadilishwa hadi 1952. Ndani ya miaka hiyo kuna aina kuu tatu: ya George V, 1921 hadi 1925, ya George VI yenye robo ya fedha halisi, 1937 hadi 1946, na ya George VI ya kupronikeli (mchanganyiko wa shaba na nikeli), 1948 hadi 1952. Mkato wa mwisho una sababu mbili kwa pamoja. Fedha iliondolewa, na India ilipojitawala 1947 maneno ya Kilatini yaliyomtaja mfalme kuwa Kaizari wa India yakaondolewa pia.

Hapo ndipo wengi hukosea, maana wanakimbilia mizani. Ile yenye fedha ina uzito wa gramu 7.78 hivi, na ya kupronikeli gramu 7.8. Mizani ya dukani haitazitenganisha. Sumaku haivuti hata moja. Soma mwaka, kisha soma maneno ya kumzunguka mfalme. Sarafu ikiwa imelika sana, angalia sehemu zilizoinuka: ile yenye robo ya fedha ina shaba nyingi, hivyo hugeuka rangi ya manjano au kahawia palipochakaa, wakati kupronikeli hubaki nyeupe-kijivu.

Thamani ni mtego mwingine. Senti 50 ya 1920 imeandikwa "ONE SHILLING", ile ya 1921 imeandikwa "HALF SHILLING". Zote ni senti 50, lakini ya kwanza ni senti za florini, fedha iliyotangulia shilingi, na ya pili ni senti za shilingi, na florini moja ilikuwa shilingi mbili. Kuziweka mstari mmoja kwenye albamu kwa sababu tarakimu zinafanana ni kuchanganya fedha mbili. Mkato huo ni mzito kuliko wa aina: ni mfululizo mwingine.

Mabadiliko ya mtawala nayo yaangaliwe kwa kila thamani peke yake. Senti 5 na senti 10 zenye tundu katikati hazina picha ya mfalme, kwa hiyo zile za 1936 za Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huohuo, zinatambulika kwa jina tu kwenye duara. Jina lile peke yake latosha kuzifanya aina kamili. Malkia Elizabeth, kwa upande wake, yupo kwenye senti 50 lakini hana shilingi katika mfululizo huu, basi usiache nafasi wazi ukimsubiri. Na Kenya, baada ya kuanza sarafu zake, iliongeza maneno kuzunguka kichwa cha Mzee Kenyatta kuanzia 1969. Za kabla ya hapo hazina. Kichwa ni kilekile, aina ni mbili.

Herufi ni jambo jingine kabisa. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Zinaeleza kazi iligawiwa nani, na amri ya mchoro ilikuwa moja kwa wote.

Kwa hiyo ile KN iandikwe hivi: aina ya tatu, toleo la 1949, King's Norton. Uadimu, kama upo, ni wa toleo. Anayekusanya toleo kwa toleo ana sababu ya kuulipia. Anayetaka sarafu moja kwa kila aina atatosheka na shilingi yoyote safi ya kati ya 1948 na 1952, yenye herufi au isiyo nayo.